Mikono Miwili ya Kushoto

Watu walimwita Mama Mkono, na jina hilo halikutoka kwenye kutoa wala kwenye kupokea. Lilitoka kwenye kufundisha. Mwanafunzi akishindwa kupitisha kitambaa chini ya sindano, mama huyu hakusimama mbele yake kumweleza. Alimzunguka, akasimama nyuma ya kiti chake, akainama, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mwanafunzi, na mikono yote minne ikaenda pamoja.

"Nipe mkono," alikuwa anasema. "Hivi. Hivi. Siyo hivyo, hivi."

Na aliyekuwa anashona kama njia ya nyoka, akanyooka.

Walimu wenzake pale chuo cha ufundi walimtania sana. Mwalimu wa umeme alikuwa anapita mlangoni kwake makusudi, anachungulia, anasema, "Mama Mkono, leo umesema maneno mangapi? Au bado lile moja?" Naye anacheka na pini mdomoni. Alijua anataniwa kwa mapenzi. Tena ilikuwa kweli. Darasa lake lilikuwa na neno moja, hivi, na kinyume chake, hivyo. Hivi ni la mikono yangu, hivyo ni la mikono yako. Mengine yote aliyafanya.

Alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, alikaa ndani mpaka majirani wakaanza kunong'ona, na siku aliyorudi chuoni hakuna mwanafunzi aliyejua la kumwambia. Binti mmoja aliketi tu kwenye cherehani yake, akasema, "Mwalimu, mkono umenishinda." Mama Mkono akaenda nyuma yake, akashika mikono ile ya moto ya mtu mzima wa afya, akashona naye mpaka mwisho wa mshono. Alimwambia wifi yake jioni ile kwamba Mungu ana njia zake za kumshika mtu, nyingine hupitia kwenye cherehani.

Wifi mtu huyo, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa akiishi naye. Alikuwa msusi, kibaraza chao kizima kilikuwa cha vichwa vya watu. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko kitana chake, lakini hakumwacha Mama Mkono alale bila kula hata siku moja.

Sasa, kabla hatujaenda mbele, nieleze jambo la mkono, maana bila hilo habari hii haieleweki. Katika nguo yoyote, kinachomtoa fundi jasho ni mkono. Mtu asiyeshona anadhani mkono wa blauzi ni bomba tu la kitambaa. Sivyo. Una mbele na una nyuma. Mbele huchimbwa kidogo pale kwapani ili nguo isijikunje kifuani, na nyuma huachwa pamejaa ili mwenye nguo aweze kunyoosha mkono akapokea kitu. Kwa hiyo mkono wa kulia si wa kushoto, kama viatu. Ukiweka karatasi ya kipimo juu ya kitambaa ukakata, ukaiweka tena vilevile ukakata, umepata mikono miwili ya upande mmoja. Ni lazima katikati uigeuze karatasi. Kitendo chenyewe ni cha kufumba na kufumbua. Lakini mkasi ukishapita umepita. Mama Mkono alikuwa na msemo wake, "Mkasi hauna samahani."

Mvua za mwaka ule ndizo zilizoanzisha mambo. Zilipasua ukuta wa karakana ya ushonaji. Ufa ulitokea juu ya dirisha ukateremka mpaka chini kama mshono uliofumuka, mtu angeweza kuingiza kiganja. Wakaguzi walikuja wakatikisa vichwa, mlango ukafungwa kwa mnyororo, cherehani zikafunikwa turubai zikapelekwa stoo. Mkuu wa chuo akawaita walimu wote wa ufundi.

"Sitawadanganya," alisema. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. "Karakana ile haitajengwa leo wala kesho. Lakini siku hizi watu wanasoma kwa simu. Ushonaji utaenda mtandaoni muhula huu. Wanafunzi wakifaulu mtihani wa ufundi, fani itabaki. Wakianguka, tutaifunga."

"Mkuu, kushona kwa simu?" akauliza mwalimu wa umeme. "Uzi utapita wapi, kwenye tundu la chaja?"

Watu wakacheka. Mama Mkono hakucheka. Alikuwa anaangalia viganja vyake.

Wanafunzi wengi walikuwa na cherehani nyumbani au kwa fundi wa jirani, kwa hiyo la vifaa lilipita. Siku ya somo la kwanza Mama Mkono aliamka akaomba dua, akavaa gauni lake la heshima, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Wanafunzi wakaanza kutokea mmoja mmoja, vichwa vidogo kwenye vyumba vidogo. Akawasalimu. Kisha akafanya kama alivyofanya maisha yake yote. Akainama, akashika mkasi.

"Weka karatasi hivi. Kata hivi. Sasa fanya hivi halafu kata tena."

"Mwalimu," sauti moja ikasema, "tunaona kidevu chako na bati."

Huyo alikuwa Saruji. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mwashi kabla hajaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akaumia nyonga. Kusimama kutwa kulimshinda, ndipo akaja kutafuta kazi ya kukaa. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kama ukuta wa karakana, na kila sindano aliyoishika ilipotea humo.

"Ni mtandao huo, baba, vumilia," akasema Mama Mkono, maana alisikia watu wakisema hivyo. Akaendelea. Mwisho akauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Ndiyo ya darasani huja na uso wake, unaona kama ni ya kweli au ya kukupendeza. Ile ya simu ilikuja peke yake, akaipokea.

Kazi zao walizileta getini pa chuo, kama walivyokubaliana. Akamvalisha Saruji blauzi aliyoishona, watu wakacheka kwa dume lile kuvaa blauzi. Mkono wa kushoto ukakaa vizuri. Wa kulia ukajisokota, ukavuta bega lake nyuma, akawa kama mtu anayeitwa na mtu aliye mgongoni kwake. Mama Mkono akaivua. Akachukua ya pili, ya tatu. Zote. Darasa zima lilikuwa limeshona mikono miwili ya kushoto.

Mkuu wa chuo alikuwa anapita kuelekea ofisini. Akasimama, akaangalia, akasema kwa upole wake, "Mama, muhula ni mfupi." Akaenda zake. Afadhali angegomba.

Nyumbani wifi mtu aliipindua ile blauzi ya Saruji akaicheka mpaka akashika ubavu. "Wifi, umetuletea kizazi kipya! Huyu akitaka kumkumbatia mkewe itabidi mke asimame nyuma."

"Usinicheke, wifi."

"Sasa nilie? Hebu niambie, uliwaambia nini pale kwenye kugeuza?"

Mama Mkono akafikiri. Akajiona, ameinama, amemaliza kukata mkono wa kwanza. Akakumbuka maneno yake yote. "Nilisema, sasa fanya hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi," akasema, na kiganja chake kikageuka hewani, upesi, kama samaki.

Wakatazamana. Wifi mtu hakucheka tena.

Chuo kikamletea mtu. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, ana miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha walimu jinsi ya kufundisha mtandaoni. Kibaraza kizima kilimwita Miwani kabla hajamaliza chai. Mama Mkono alimtarajia aanze na simu, mara bonyeza huku, mara bonyeza kule. Simu hata hakuigusa. Aliomba viti viwili, akavipanga vikapeana mgongo.

"Dada yangu, kaa hapo. Mimi nakaa huku, sikuoni. Nina kitambaa, karatasi na mkasi. Sijawahi kushona hata kifungo. Nifundishe kukata mkono."

"Weka karatasi hivi."

Karatasi ikachakacha nyuma yake.

"Umeweka?"

"Hivi ndiyo wapi, dada?"

"Hapa juu."

"Juu ya nini? Juu kuna dari."

Wasichana waliokuwa wanasukwa wakaangua kicheko. Mama Mkono uso ukamuwaka. Mara tatu aligeuka akanyoosha mkono ashike ule wa mgeni, na mara tatu Miwani, bila kugeuka, akasema, "Mkono wako haufiki, dada. Kuanzia leo haufiki. Nipe neno."

Nipe neno. Alikaa pale anatafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na aibu ikamshika, maana alikuwa fundi na mwalimu wa miaka yote hiyo na hakujua kazi yake inaitwaje. Akaanza kidogo kidogo. Kitambaa kina uso na kina mgongo. Uso ukuangalie wewe. Karatasi ina ncha ndefu, ncha hiyo ielekee tumboni kwako. Kata. Sasa...

"Sasa nini?" akauliza Miwani.

Macho ya Mama Mkono yakaangukia mkekani, ambapo mtoto mchanga wa mteja mmoja alikuwa amelazwa, na mama yake anamgeuza apate kulala.

"Karatasi yako imelala chali," akasema polepole. "Sasa ilaze kifudifudi. Kitambaa usikiguse, geuza karatasi peke yake. Mkono wa kwanza chali, mkono wa pili kifudifudi."

Akasikia mkasi unakata nyuma yake. Kisha Miwani akageuka, amenyanyua vipande viwili. Kimoja cha kulia, kimoja cha kushoto. Hata yeye mwenyewe alishangaa, miwani ikamdondoka puani.

"Umeona, dada?" akasema. "Simu ni kijiti tu. Neno ndilo daraja."

Baada ya hapo mengine yakaja. Simu ikatoka kwenye kopo la sukari ikafungwa kwa kamba juu ya meza, ikaangalia chini, kwenye mikono na siyo kwenye kidevu. Taa ikawekwa ubavuni ili kivuli cha mkono kisifunike kazi. Somo likakatwa vipande vifupi, maana macho ya mtu aliye peke yake huchoka upesi kuliko ya walio pamoja. Na ile "mmeelewa" Miwani aliipiga marufuku kabisa.

"Usiwaulize kama wameelewa. Kila mtu ameelewa mpaka aonyeshe. Waambie wainue kazi, uione. Halafu unyamaze. Usijaze ule ukimya kwa maneno, dada, hata kama unakuwasha. Ndipo wanapofanya kazi."

"Na asiyeinua?"

"Huyo ndiye mwanafunzi wako wa siku hiyo. Mwite kwa jina."

Kila jioni wifi mtu alikaa nyuma ya pazia la chumbani na kitambaa kikuukuu akajifanya mwanafunzi. "Wewe sema, mimi kazi yangu ujinga," alisema, na ujinga wenyewe aliufanya kwa ufundi. Akiambiwa pinda, anapinda ukucha. Akiambiwa vuta uzi, anauvuta mpaka ukatike. "Hukusema uishie wapi!" Mama Mkono akawa analala na maneno kinywani. Akigundua neno zuri jikoni, anaacha sufuria. Shona "kama unavyotembea na maji kichwani," alimwambia wifi yake siku moja, na wifi mtu nyuma ya pazia akashona mstari ulionyooka, akatoka nao nje akiutazama kwa mashaka, kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe.

Darasani mambo yakageuka. Kila somo wanafunzi waliitikia "chali, kifudifudi" kama watoto wa chekechea. Aliyepotea aliitwa, na mara nyingi aliyepotea hakuwa mvivu. Simu ilikuwa imeisha chaji, au yuko nje ya dirisha la jirani anavizia mtandao, ana aibu kusema. Mama Mkono akajifunza kusoma ukimya. Akajua ukimya wa mtu anayekata na ukimya wa mtu anayelia.

Wa Saruji ulikuwa wa pili. Kila alipokata, kitambaa kilikwenda upande, na alikuwa ameshaharibu mashuka yote ya nyumbani kwao kwa mazoezi. Siku moja hakuinua kazi. Wenzake wote wameinua, chumba chake kidogo kwenye kioo cha simu kimejaa paja lake tu.

"Saruji, mwanangu."

"Mwalimu, niache. Mikono hii ni ya koleo."

"Mikono hiyo imejenga nyumba zikasimama. Shika mkasi kama unavyoshika pimamaji. Usiusukume. Usubiri ukae sawa, ndipo ukate." Akanyamaza. Ukimya ukawa mrefu, mpaka wifi mtu akachungulia pale mlangoni kuona kama simu imezimika. Mama Mkono alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anamwombea mtu. "Haya," akasema mwishowe. "Inua mkono wako niuone."

Vikainuka vipande viwili. Kulia, kushoto. Kingo zake zimenyooka kama tofali.

"Vizuri sana," akasema Mama Mkono, na sauti ikamkatika katikati. "Vizuri sana, fundi wangu. Umeona? Unaweza. Sasa shona."

Somo hilo lilirekodiwa, kama mengine yote. Miwani ndiye aliyeshauri, na alishauri kwa wema, ili aliyekosa mtandao siku ya somo alikute baadaye. Mama Mkono alikubali kwa moyo mweupe.

Mtihani ulipofika, wanafunzi walifaulu wote. Saruji alikuja mpaka kibarazani kwa magongo yake, amevaa shati aliloshona mwenyewe, akaegemea ukuta, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya msusi na wasukwaji, akaishusha, akainyoosha tena. Wifi mtu akapiga kigelegele. Mama Mkono aliingia ndani akapiga magoti, akashukuru. Fani ilikuwa imebaki.

Mkuu wa chuo akamwita ofisini. Alimpa kiti mwenyewe, akamwagizia chai.

"Mama, umetushangaza. Watu wa juu wameyatazama masomo yako. Wanasema hawajaona mwalimu wa mikono anayeeleza vizuri namna ile. Mtu anasikiliza tu anashona."

"Ni Mungu, Mkuu. Na yule mama wa miwani. Na wifi yangu, usimwone vile."

"Ndiyo." Akakoroga chai yake, ingawa alikuwa hajatia sukari. "Muhula ujao tunapokea wanafunzi wengi wa ushonaji. Wengi mno."

"Nitawaweza. Nikiwagawa makundi..."

"Masomo yako tunayo, mama."

Hakuelewa. Akatabasamu, akasubiri, kama alivyofundishwa kusubiri.

"Tumeyasafisha," Mkuu akaendelea. "Tumeondoa sura na sauti za wanafunzi, imebaki mikono yako na maneno yako. Kozi nzima, mwanzo mpaka mwisho. Mtu ataisoma wakati wowote. Kwa hiyo mkataba wako..." Akaiacha hapo. Naye pia alikuwa anasubiri.

"Na nani atawaangalia, Mkuu?"

"Wataangalia wao. Kila kitu umekieleza. Hukubakiza swali."

Alitaka kusema kwamba swali halibaki kwa mwalimu, hubaki kwa mwanafunzi. Lakini maneno ambayo muhula mzima yalikuja kila alipoyaita, siku hiyo hayakuja. Akanywa chai ya watu. Akashukuru, maana ndivyo alivyolelewa. Getini mlinzi akamwuliza, "Mwalimu, tunaanza lini?" akajibu, "Wameshaanza."

"Yaani walikunyang'anya ulimi baada ya kukufundisha kusema," alisema wifi mtu, anasuka kichwa cha mtu kwa hasira mpaka mwenye kichwa akapiga yowe. "Ungebaki na hivi yako! Hivi nani angeirekodi? Ungebaki bubu, wifi, wangekuhitaji mpaka leo!"

"Wangefunga fani."

"Na sasa imefunguliwa, wewe uko wapi?"

Mama Mkono alisamehe, au alijaribu. Kila asubuhi alimtaja Mkuu katika sala zake, na kila asubuhi jina lilipita kooni kama kidonge kisicho na maji. Miwani alipiga simu, akalia, akasema, "Dada, mimi nilidhani nakusaidia." Mama Mkono akambembeleza yeye. Cherehani yake mwenyewe akaitoa kibarazani, akawa anapunguza suruali za watu na kubadilisha zipu.

Siku moja, msimu wa mvua umerudi, binti wa jirani akaja mbio na mfuko. Alikuwa msichana wa watu, mtulivu, ndiyo kwanza ameanza ushonaji wa mtandaoni pale chuoni, na kila alipompita Mama Mkono barabarani alimwamkia "shikamoo, mwalimu" kwa fahari, kwa sababu alikuwa naye kwenye simu kila siku.

"Mwalimu, nisaidie. Kitambaa amenipa mama yangu, alikitunza tangu ujana wake. Nimemshonea blauzi. Sijui imekuwaje."

Aliitoa. Kitambaa kilikuwa kizuri, cha zamani, cha maua madogo, kile kizito ambacho hakipatikani tena. Mama Mkono hakuhitaji kumvalisha mtu. Aliishika mabegani akaona.

"Karatasi uliigeuza?"

"Niligeuza, mwalimu! Chali, kifudifudi, kama ulivyosema."

"Na kitambaa?"

Binti akasita. "Nacho nikakigeuza. Niliona nikigeuza vyote ndiyo vitakuwa sawa."

"Nilisema kitambaa usikiguse."

"Kulikuwa na kelele za mvua kwenye bati, hapo sikusikia. Lakini mwalimu, niliinua. Nilifanya kila kitu. Ukasema inua niuone, nikainua mbele ya simu, nikakaa nayo vile, mikono ikaniuma. Ukaangalia muda mrefu. Halafu ukasema vizuri sana." Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. "Uliniita fundi wako. Ukasema unaweza, sasa shona. Ndipo nikashona."

Wifi mtu aliacha kusuka.

Mama Mkono alikaa na blauzi mapajani. Alitafuta mahali pa kukasirikia, akakosa. Binti hakuwa na kosa. Simu haina macho.

"Ile vizuri ilikuwa ya mtu mwingine, mwanangu," akasema.

"Nani?"

"Mwashi mmoja."

Binti hakuelewa, wala asingeweza. Alifungua simu yake amwonyeshe, kama mtu anayetoa ushahidi. Mikono ikatokea kwenye kioo, ile ya Mama Mkono, na taa ubavuni, inatandaza kitambaa.

"Kuna kipande kimebaki?" akauliza Mama Mkono. "Hata kidogo, tukate mkono mwingine?"

"Nilikimaliza chote."

Akavuta pumzi. Akachukua wembe kwenye kopo, akatafuta uzi wa kwanza begani, akaukata. Akakata wa pili. Mkono wa kulia ambao haukuwa wa kulia ukaanza kuachia.

"Njoo, kaa hapa mbele yangu," akasema. "Nipe mkono nikuonyeshe kufumua bila kuchana. Mikono yote miwili tutaitoa. Mama yako ataivaa hivyo hivyo, bila mikono."

Binti akakaa. Mama Mkono akaweka mikono yake juu ya mikono ya msichana, wembe ukaingia chini ya uzi. Pembeni, kwenye simu waliyoisahau, ile sauti ikafika mahali pake. Saruji, na kukataa kwake, na paja lake, vyote vilikuwa vimekatwa. Ulibaki ukimya mrefu, kisha, "Haya. Inua mkono wako niuone."

Wote pale kibarazani wakasubiri.

"Vizuri sana," simu ikasema, na sauti ikakatika katikati. "Vizuri sana, fundi wangu."

"Zima hiyo takataka!" wifi mtu akafoka, akanyanyuka na kitana mkononi.

"Mwache, wifi," akasema Mama Mkono, hakuinua macho kwenye uzi. "Mwache aseme. Yeye ndiye mwalimu. Mimi nafumua tu."